Kipimo Kinasema Moshi, Mtu Anasema Hapana: Kutatua Majibu ya Tumbaku Yanayogongana

Mwongozo huu ni wa wanaopima: watu wa maabara, wauguzi wa kliniki, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na wanafunzi wanaopita vijijini Mtwara na Lindi wakiwa na dodoso mkononi na vichupa vya mkojo begani. Shida inayowasumbua si kukosa majibu. Ni kupata majibu mawili yasiyopatana: dodoso linasema mtu havuti, mkojo unasema anavuta, au mashine ya pumzi inasema kimoja na mate yanasema kingine. Hapo wazo la kwanza linalomjia mtu ni kwamba mhojiwa amedanganya. Wapo wanaodanganya, sikatai. Ila ukifuatilia, mara nyingi utakuta kipimo kimejibu swali lake vizuri tu, na swali hilo silo uliloliuliza wewe.

Kwa hiyo kabla hujaandika "si mkweli" pembeni ya jina la mtu, jua ulichopima ni nini.

Tumbaku huacha mwilini alama za aina tofauti, na kila moja ina umri wake. Nikotini yenyewe haikai: kiasi kilichomo kwenye damu hupungua kwa nusu kila baada ya saa 2 hivi. Ndiyo maana watu hupima kotinini, zao linalotengenezwa na ini kutoka kwenye nikotini. Asilimia 70 hadi 80 ya nikotini hupita njia hiyo, na kotinini hupungua kwa nusu kila baada ya saa 16 hivi. Ya pili ni kaboni monoksaidi, hewa inayotoka kwenye kitu chochote kinachoungua vibaya. Hii hushika himoglobini ya damu na kutoka kwa pumzi, ikipungua nusu kila saa 4 hadi 6 kwa mtu aliyetulia. Ya tatu ni NNAL, inayotokana na kemikali inayosababisha saratani ambayo chanzo chake ni tumbaku. Inatoka polepole sana, nusu yake ikichukua siku 10 hadi 18. Pamoja nayo kuna anabasini, ambayo imo kwenye tumbaku lakini haimo kwenye dawa za nikotini za kusaidia kuacha. Na iko thayosayaneti, ambayo huku kwetu ina kesi yake ya pekee; tutaifikia.

Dalili: karibu kila mtu kijijini ametoka chanya kwenye ukanda wa mkojo

Usianze na kijiji. Anza na jinsi mlivyosoma ukanda.

Ukanda wa kotinini unasomwa kinyume cha kipimo cha haraka cha malaria. Kwenye malaria, mistari miwili ni chanya, na macho yetu yamezoea hivyo kwa miaka. Kwenye kotinini, mistari miwili ni hasi. Sababu ni kwamba ukanda huu hufanya kazi kwa kugombania: kotinini iliyomo kwenye mkojo na ile iliyobandikwa kwenye mstari wa T (mstari wa jibu) hugombea kingamwili zilezile zenye rangi. Mkojo ukiwa na kotinini nyingi, kingamwili hukamatwa njiani, hazifiki kwenye T, na mstari haujitokezi. Mstari mmoja tu wa C (ule unaothibitisha kuwa ukanda unafanya kazi), basi, ni chanya. T iliyofifia bado ni T, yaani hasi, hata kama ni ya kutafuta kwa tochi. C isipoonekana kabisa, tupa ukanda, chukua mwingine.

Nimeona fomu za timu nzima zikiwa zimepinduliwa hivyo, siku ya kwanza hadi ya mwisho, kwa sababu aliyefundisha alidhani hilo kila mtu analijua. Dalili yake ni rahisi kuitambua: bibi wote wa kwaya wametoka chanya, na wavuvi wenye pakiti ya sigara mfukoni wametoka hasi. Kama picha za kanda zilihifadhiwa, kazi haijapotea, geuza majibu. Kama hazikuhifadhiwa na huna uhakika nani alisoma vipi, rudia.

Kama usomaji ulikuwa sawa, tazama utunzaji. Pakiti nyingi zimeandikwa nyuzijoto 2 hadi 30. Gari lililoegeshwa juani Kilwa Masoko saa nane mchana linapita hapo bila shida, na unyevu wa pwani huingia kwenye ukanda uliofunguliwa mapema. Fungua pakiti ya mtu mmoja anapokuwa mbele yako, na soma kwa dakika zilizoandikwa, mara nyingi 5. Ukanda ulioachwa mezani wakati mnakula si jibu tena.

Kinga ya yote haya ni ya bei nafuu: kila asubuhi kabla ya kutoka, pimeni mkojo wa mwenzenu mmoja asiyetumia tumbaku na mmoja anayetumia. Dereva huwa hakosekani kwa nafasi ya pili.

Dalili: anasema havuti, na kotinini iko juu kweli

Hapa ndipo lawama nyingi zinapotolewa bure, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chanzo cha kwanza cha kuangalia ni ugoro. Kotinini inatoka kwenye nikotini, na nikotini haijali imeingia kwa njia ya moshi, puani, mdomoni au kwenye ngozi. Bibi wa Newala anayenusa ugoro au kuuweka chini ya mdomo anaweza kuwa na kotinini sawa na ya mvuta sigara, na akikujibu kwamba havuti amesema kweli tupu. Mazungumzo huwa ya namna hii:

"Shikamoo bibi."
"Marahaba, mjukuu wangu."
"Bibi, unavuta tumbaku?"
"Mimi? Sijawahi kushika sigara tangu nizaliwe."
"Na ugoro je?"
"Aa, ugoro! Huo natumia wa jino tu. Na jioni kidogo."

Dodoso liliuliza kuhusu kuvuta, bibi akajibu kuhusu kuvuta. Uliza kitu kimoja kimoja kwa jina lake: sigara, msokoto, kiko, shisha, ugoro wa kunusa, ugoro wa mdomoni, tumbaku ya kutafuna. Na uliza faragha. Mwanamke kijana hatakuambia habari za sigara mbele ya mama mkwe, na huyo ukimwita mwongo utakuwa umekosea mahali pa kuulizia.

Chanzo cha pili ni kazi. Vijana wa Masasi na Tunduru hufika mashamba ya tumbaku ya Namtumbo kutafuta kibarua. Jani bichi la tumbaku likiwa na umande au maji ya mvua, nikotini huyeyuka na kupenya kwenye ngozi ya anayelichuma. Wengine huugua kabisa: kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu, udhaifu. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa na kotinini ya kutosha bila kuwasha kiberiti. Muulize alikuwa wapi siku tatu nne zilizopita.

Cha tatu ni dawa za nikotini, gundi ya kutafuna au plasta ya kubandika. Huku ni nadra, lakini swali halina gharama. Sigara za kielektroniki pia ziweke hapa.

Na kuna utetezi mmoja ambao usikubali kirahisi: chakula. Ni kweli biringanya, nyanya na viazi vina nikotini. Ila ni chembe. Mtu hawezi kula biringanya zikageuza ukanda wenye kikomo (kiasi kinachoanza kuhesabiwa chanya) cha nanogramu 200 kwa mililita. Vilevile moshi wa wenzake barazani haufikishi mkojo wa mtu huko katika hali ya kawaida. Ukisikia "nakaa na wavutaji" kama maelezo ya ukanda uliotoka chanya, endelea kuuliza.

Namna ya kutenganisha: pima kaboni monoksaidi kwenye pumzi, alasiri au jioni. Mtumiaji wa ugoro atakuwa na kotinini ya juu na pumzi safi. Anayevuta atakuwa na vyote viwili, kama hajafunga na kama si asubuhi. Ukitaka kutenganisha tumbaku na dawa ya nikotini, hapo ndipo NNAL na anabasini zinapohitajika, maana dawa haileti mojawapo. Lakini usitumie NNAL kutenganisha sigara na ugoro. Ugoro ni tumbaku, nao unaileta.

Dalili: kotinini hakuna, mashine ya pumzi inapanda

Kaboni monoksaidi haina jina la tumbaku juu yake. Inatoka kwenye kuni, mkaa, jenereta, pikipiki. Mama anayekaanga korosho kwa njia ya kienyeji, mafuta ya maganda yakishika moto na moshi mweusi kumfunika, atapuliza namba ya mvutaji bila kuonja tumbaku. Vivyo hivyo anayebanika samaki kwa moshi. Msimu wa kupulizia mikorosho salfa, kijana aliyebeba mashine ya injini mgongoni tangu alfajiri ni wa kumuuliza pia. Mwenye shisha ya "mitishamba isiyo na tumbaku" huonyesha picha hii kikamilifu: kotinini sifuri, kaboni monoksaidi juu sana, kwa sababu ya mkaa. Anayevuta bangi tupu, vilevile.

Kikomo kilichozoeleka zamani kilikuwa sehemu 10 kwa milioni. Siku hizi wengi wanatumia 6 hivi. Kwa kukadiria, sehemu 6 ni sawa na asilimia 1 ya himoglobini iliyoshikwa na hewa hiyo. Kwa nyumba inayopikia mafiga ndani, kikomo cha 6 kitakuletea "wavutaji" wengi ambao ni wapishi. Ushauri wangu: kijijini usitumie mashine ya pumzi peke yake kumhesabu mtu kuwa mvutaji. Itumie kama shahidi wa pili.

Kabla ya kulaumu jiko, hata hivyo, lazima mashine yenyewe isafishiwe jina. Iwashe nje, penye hewa, siyo jikoni wala karibu na pikipiki inayonguruma. Hewa ya chumba ikiwa na sehemu 4, kila mtu utakayempima humo atabebeshwa hizo 4. Usisafishe mdomo wa mashine kwa spiriti, na mwenye kutakasa mikono kwa jeli asubiri ikauke, kwa sababu mvuke wa kileo huchanganya kihisi. Haidrojeni nayo huchanganya: mtu ambaye tumbo lake halisagi sukari ya maziwa, na watu wazima wengi wa kwetu wako hivyo, akinywa maziwa utumbo hutengeneza haidrojeni inayotoka kwa pumzi, na baadhi ya mashine huisoma kama kaboni monoksaidi. Uliza alichokunywa. Rudia kesho yake.

Na namba ikiwa kubwa, tuseme 30 na zaidi, kwa mtu asiyevuta na analalamika kichwa kinauma, acha utafiti kwanza. Uliza kama walilala na jiko la mkaa ndani. Mtoe nje, watoe na wengine wa nyumba hiyo, na mpelekeni kituo cha afya. Msimu wa mvua, jiko linapoingizwa chumbani, hiyo si habari ya kuandika kwenye dodoso na kuendelea na nyumba inayofuata.

Dalili: kotinini iko juu, pumzi ni safi, na si mtumiaji wa ugoro

Angalia saa, kisha angalia kalenda.

Kaboni monoksaidi huondoka haraka. Mvutaji aliyelala kwa muda wa saa nane na hajawasha bado atapuliza namba ndogo kuliko aliyokuwa nayo jana jioni. Anayefanya kazi ya nguvu huitoa upesi zaidi kwa sababu anapumua sana. Mvuvi aliyepiga kasia kutwa, au mtu aliyetoka kulima, si sawa na aliyekaa kijiweni.

Kisha Ramadhani. Pwani ya Lindi na Mtwara ina wafungaji wengi, na wavutaji wao huacha sigara tangu daku hadi futari. Ukimpima mfungaji saa kumi jioni, zimepita kama saa 11. Kaboni monoksaidi yake imepungua nusu karibu mara mbili au zaidi, na mashine itasema "havuti". Kotinini, ambayo hupungua nusu kwa saa 16, bado ina zaidi ya nusu ya kiasi ilichokuwa nacho alfajiri. Vipimo vyote viwili viko sahihi. Kimoja kinaeleza mchana wa leo, kingine kinaeleza usiku wa jana na juzi. Kama kazi yako ni kuhesabu wavutaji, usipime pumzi Ramadhani mchana. Nenda baada ya tarawehe, au tumia mate.

Namna ya kupuliza nayo ina lake. Mtu hushikilia pumzi sekunde 15, kisha hupuliza polepole hadi mapafu yaishe. Mwenye pumu au kifua cha muda mrefu hawezi kufika mwisho, na namba yake hutoka ndogo kuliko ukweli.

Dalili: thayosayaneti iko juu kwa kijiji kizima, wakiwemo watoto

Moshi wa tumbaku una hewa ya sianidi. Mwili huiondolea makali kwa kuiunganisha na salfa, inakuwa thayosayaneti, na inatoka kwa mkojo taratibu, kwa wiki moja mbili. Kwa hiyo wazee wa fani hii waliitumia kupima uvutaji, kwa kuwa ni rahisi na mashine yake si ya gharama. Lakini hata huko Uingereza, Martin Jarvis na wenzake walipolinganisha vipimo mbalimbali mwaka 1987, kotinini ndiyo iliyoongoza na thayosayaneti ikabaki nyuma. Na hiyo ni London, ambako ugali ni habari za wageni.

Huku tunakula muhogo. Muhogo, hasa ule mchungu, una linamarini, inayotoa sianidi muhogo unapokatwa au kusagwa. Ukilowekwa vizuri na kukaushwa vizuri, sianidi nyingi huondoka. Mvua ikikataa, njaa ikibisha hodi na makopa yakafupishiwa siku, hubaki. Mwili wa mlaji hufanya kazi ileile: salfa, thayosayaneti, mkojo. Mtoto wa miaka saba anayekula ugali wa muhogo mara mbili kwa siku anaweza kumpita mvutaji wa pakiti moja.

Mimi kwa mikoa hii miwili nimeiondoa thayosayaneti kwenye orodha ya vipimo vya tumbaku. Haina msaada hata kama shahidi wa pili, kwa kuwa anayekula muhogo na kuvuta hatenganishiki na anayekula muhogo zaidi. Ukikuta mradi umeandikwa kwa kunakili wa nchi nyingine na thayosayaneti imo, uliza kabla vitendanishi havijanunuliwa.

Lakini usiyatupe majibu hayo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mtwara ilipata milipuko ya konzo, ugonjwa wa miguu kupooza ghafla unaowapata walaji wa muhogo mchungu usioandaliwa vya kutosha, hasa watoto na akina mama, chakula chenye protini kikiwa haba. Thayosayaneti iliyo juu sana kwa kaya zisizovuta ni habari ya mganga mkuu wa wilaya na ya afisa lishe. Ipo na njia rahisi ya kupeleka pamoja na habari hiyo, iliyobuniwa na Howard Bradbury wa Australia: unga wa muhogo unalowanishwa kwa maji, unatandazwa kwa tabaka jembamba, unaachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini, na sianidi inapaa. Unga upikwe siku hiyohiyo.

Dalili: baba anavuta chumbani, mtoto ametoka hasi

Ukanda wa mkojo haukutengenezwa kwa ajili ya mtoto huyo. Kikomo chake ni nanogramu 200, na kuna wa 50. Anayevuta moshi wa wenzake huwa na kotinini ndogo mno: kwenye damu mara nyingi ni chini ya nanogramu 1 kwa mililita, na ni shida kufika 10, wakati mvutaji wa kila siku huwa na mia na kuendelea. "Hasi" hapa maana yake ni kwamba mtoto havuti sigara. Hilo ulilijua.

Moshi wa jirani unahitaji maabara inayoweza kuona sehemu za mia za nanogramu, na sampuli nzuri ya mate au mkojo. Kama swali lako ni la miezi na si la jana, nywele zinafaa: hukua sentimita 1 hivi kwa mwezi na nikotini hubaki ndani yake. Utakachokutana nacho ni nywele zilizonyolewa, maana huku vichwa vya watoto hunyolewa mara kwa mara, basi uliza mapema kabla ya kupanga. Kumbuka pia kwamba mtoto mchanga anayenyonya hupata nikotini na kotinini kupitia maziwa ya mama. Mama wa ugoro katika nyumba isiyo na sigara hata moja anatosha kueleza kotinini ya mtoto.

Dalili: alisema ameacha

Ameacha siku mbili, ukanda ni hasi: inawezekana kabisa. Tuseme mkojo ulikuwa na nanogramu 1,600. Saa 16, 800. Saa 32, 400. Saa 48, 200. Hapo ukanda wa 200 unaanza kumwona safi, ilhali ukanda wa 50 utamkamata hadi siku ya nne hivi. Kwa hiyo hasi ya siku mbili usiifanyie sherehe, na chanya ya siku mbili usiifanyie ugomvi.

Ameacha wiki tatu, kotinini bado iko juu: hiyo si mabaki. Kotinini haisubiri wiki tatu. Rudi kwenye ugoro, kibarua cha tumbaku, dawa ya nikotini, na usomaji wa ukanda. Vikiisha vyote, kaa naye kwa upole, amerudia. NNAL ikiwa bado inaonekana wiki hiyo ya tatu, hilo halimhukumu. Ni masalia ya zamani yanayotoka polepole.

Mjamzito ana hesabu zake. Mwili wake husafisha kotinini haraka, nusu kwa saa 9 hivi badala ya 16. Namba iliyoshuka kati ya hudhurio la kwanza na la tatu kliniki inaweza kuwa imeshushwa na mimba, bila sigara kupungua. Na akiwa na kaboni monoksaidi ya juu kutokana na jiko, usiiweke kando kwa kuwa "si tumbaku". Mtoto tumboni hatofautishi moshi.

Dalili: anasema sigara tano, namba inasema ishirini

Idadi ya sigara na kiasi cha kotinini havifuatani kama unavyotarajia. Kwa makadirio, sigara moja humpa mtu miligramu 1 ya nikotini, na hiyo kwa mtumiaji wa kila siku huongeza nanogramu 12 hivi za kotinini kwa kila mililita ya damu. Ila aliyebaki na hela ya sigara tano huzivuta hadi kichungi kiungue, akishikilia moshi. Na ini hazilingani: kimeng'enya kinachovunja nikotini na kotinini, CYP2A6, ni kizito kwa baadhi ya watu, na aina zake nzito zinapatikana zaidi kwa wenye asili ya Afrika na Asia kuliko Ulaya. Anayeisafisha kotinini polepole huonekana amevuta zaidi ya alivyovuta. Ndiyo sababu sipendi kuona kikomo cha nje kikitumiwa kama sheria. Marekani wenyewe walibadili: kwa muda mrefu kikomo kilikuwa nanogramu 14 au 15 kwa mililita ya damu, na mwaka 2009 Neal Benowitz na wenzake walipendekeza 3, huku wakionyesha kwamba namba bora inatofautiana kati ya makundi ya watu humohumo Marekani.

Dalili: namba za maabara hazieleweki

Zikiwa kubwa karibu mara sita ya ulivyotarajia, tazama kizio. Nanogramu 1 ya kotinini kwa mililita ni nanomoli 5.68 kwa lita.

Zikipanda na kushuka kwa mtu yuleyule, tazama maji. Aliyekunywa madafu matatu ana mkojo mwepesi. Aliyekuwa juani shambani ana mkojo mzito. Omba kreatinini, taka ya misuli inayoonyesha mkojo ni mwepesi au mzito, na usikubali mkojo ulio nje ya miligramu 30 hadi 300 kwa desilita. Kwa mtoto mdogo na mzee aliyekonda jihadhari: misuli yao ni michache, kreatinini ni ndogo, na ukigawanya kwayo kotinini inavimba.

Zikitofautiana kati ya maabara mbili, uliza mbinu. Kipimo cha kingamwili hushika pia ndugu wa kotinini, hasa ile iliyoongezewa oksijeni ambayo imejaa kwenye mkojo, na hutoa namba kubwa kuliko mashine ya kupima uzito wa molekuli. Maabara nyingine hupima kotinini huru, nyingine hujumlisha na iliyofungwa na sukari. Usiweke namba zao kwenye jedwali moja.

Safari ya basi kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 500, haiwi mshukiwa wa kwanza. Kotinini ni ngumu, hustahimili siku kadhaa bila barafu. Kinachoharibu ni kifuniko kilicholegea, mate yaliyoota ukungu, na lebo ya wino iliyofutika kwa jasho la kisanduku. Andika kwa penseli.

Ukirudi kuchukua sampuli ya pili, irudie saa ileile ya siku kama ya kwanza, na kwenye fomu jaza mambo haya kabla ya namba yoyote: alitumia nini mara ya mwisho na saa ngapi, anapikia nini, na alikuwa kazini wapi wiki hii.